SIWEZI KUSHUKA

Somo la Wiki: Simu, Usukani na Damu ya Jirani

Maandiko ya kusoma: Nehemia 6:1-15, Kumbukumbu la Torati 22:8, Kutoka 21:28-29, Mathayo 4:5-7, Luka 10:25-37

Lengo la somo: Kila mshirika, awe dereva, abiria, mwendesha boda boda au mtembea kwa miguu, aelewe kwamba kuwa makini barabarani ni sehemu ya kumpenda jirani, na achukue hatua wiki hii.

UTANGULIZI

Leo hatutaanza Yerusalemu. Tutaanza barabara ya Nakuru kuja Nairobi, usiku.

Miaka kadhaa iliyopita kwaya yetu ilienda krusedi ya siku tatu. Bwana alitenda. Watu waliokoka, wagonjwa waliombewa, na Jumapili jioni gari la kanisa likaanza safari ya kurudi. Mimi nilikuwa nimetangulia nyumbani mchana. Ilipofika saa mbili usiku hivi nikaanza kuwa na wasiwasi. Nikachukua simu, nikampigia dereva. Hakushika. Nikapiga tena. Hakushika. Nikapiga mara ya tatu, akashika.

Nikamuuliza, "Mko wapi sasa?"

Akajibu, "Pasta, tumepita Gilgil, tuko..." Halafu nikasikia kelele. Halafu kimya.

Gari lilitoka barabarani, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja wa sauti ya kwanza alivunjika mguu mahali pawili. Huyo mama alikuwa anauza mboga. Kwa miezi minane hakuweza kusimama kibandani. Kibanda kilifungwa. Binti yake aliyekuwa kidato cha tatu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mpaka tulipofanya mchango.

Wiki iliyofuata ajali tuliita maombi ya mnyororo. Tulifunga siku tatu. Tulikemea roho ya ajali, tukakemea roho ya damu barabarani, tukafunga kila madhabahu ya giza kati ya Nakuru na Nairobi. Mimi ndiye niliyeongoza. Na wakati nakemea, simu yangu ilikuwa mfukoni, na ndani ya simu hiyo kulikuwa na rekodi: nimepiga mara tatu kwa namba moja, ya mwisho imedumu sekunde chache tu.

Nitaimaliza hadithi hii baadaye. Kwanza tuende kwa Neno.

1. UJUMBE WA SANBALATI

Fungua Nehemia sura ya 6. Nehemia yuko juu ya ukuta. Kazi imefika mbali, mapengo yameshazibwa, imebaki milango tu. Hapo ndipo Sanbalati na Geshemu wanamtumia ujumbe: njoo tukutane katika kimojawapo cha vijiji vya bonde la Ono. Ujumbe wenyewe hauna matusi wala vitisho. Ni mwaliko tu. Ni kama meseji ya kawaida: "Uko wapi? Tuonane kidogo."

Jibu la Nehemia mnalijua. Aliwaambia kwamba ana kazi kubwa mikononi, hawezi kuteremka, maana akiteremka kazi itasimama. Hakubishana nao. Hakusema Sanbalati ni mtu mbaya. Alisema tu, niko kazini.

Sasa tazama mstari wa nne. Waliutuma ujumbe ule ule mara nne! Na mara zote nne akawapa jibu lile lile. Mara ya tano wakabadilisha mbinu, wakatuma barua iliyo wazi yenye habari za kutisha: watu wanasema unataka kuwa mfalme. Ni ujumbe wa kukufanya ujisikie lazima ujibu sasa hivi, usipojibu jina lako litaharibika. Nehemia akakanusha uongo ule, lakini hakushuka.

Ndugu yangu, simu nayo inafanya kazi hivyo. Inaita mara ya kwanza, unaiacha. Inaita mara ya pili, moyo unaanza kupiga. Inaita ya tatu, unasema, "Huyu lazima ana shida." Kumbe hana. Anataka kujua kama ulinunua maziwa.

Mtu akishika usukani, amepanda ukutani. Ana kazi kubwa. Amebeba roho za watu ndani ya gari, na kuna roho nyingine ziko nje, zinavuka, zinatembea kando ya lami zikitoka shule. Huwezi kuwa juu ya ukuta na bondeni Ono kwa wakati mmoja. Mwambie jirani yako: "Ukishika usukani, usishuke!"

2. SEKUNDE TANO NI UWANJA WA MPIRA

Kuna watu wanasema, "Lakini Pasta, mimi natazama simu mara moja tu." Haya basi, tuhesabu pamoja. Hii si unabii, ni hesabu ya darasa la saba.

Matatu ikienda kilomita 80 kwa saa, mwendo ambao kidhibiti mwendo kinatakiwa kisiuruhusu kupita, inakula karibu mita 22 kila sekunde. Kusoma meseji fupi na kuanza kuijibu ni kama sekunde tano. Tano mara 22 ni mita 110. Hiyo ni goli hadi goli katika uwanja wa mpira. Dereva amefumba macho, akavuka uwanja mzima, na ndani ya gari kuna watu 14.

Hata mjini, kwenye kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Ukiinamisha macho sekunde tatu uone nani amekutumia M-Pesa, umepita zaidi ya mita 40. Mtoto anahitaji mita ngapi kuruka barabarani akifuata mpira? Mbili zinatosha.

Wataalamu wanagawa jambo hili mara tatu. Kuna kuondoa macho barabarani. Kuna kuondoa mikono kwa usukani. Na kuna kuondoa akili. Meseji inaondoa vyote vitatu kwa pamoja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali karibu mara nne kuliko yule asiyetumia.

Hapo kuna mtu anasema, "Amina, lakini mimi naweka spika, mikono yangu iko huru." Sikiliza vizuri. Shirika hilo hilo linasema simu isiyoshikwa mkononi si salama sana kuliko ile ya kushikwa. Kwa nini? Kwa sababu mikono imebaki lakini akili imeondoka. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani walichapisha jaribio walilofanyia watu waliokuwa wakiongea na simu huku wakifanya kazi inayofanana na kuendesha gari. Walikuta kwamba wanaoongea walikosa kuona ishara mara mbili zaidi. Iwe simu imeshikwa mkononi au haijashikwa, ilikuwa ni mamoja. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mbele, lakini hayaoni.

Kuna jaribio lingine mashuhuri la mwaka 1999. Watu walionyeshwa video ya wachezaji wakirushiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa kama sokwe akapita mbele ya kamera, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya waliotazama hawakumwona! Sokwe mzima! Ukiwaambia wanakataa, mpaka uwarudishie video. Akili ikiwa inahesabu kitu kingine, jicho linakuwa dirisha tu la nyumba isiyo na mtu.

Kwa hiyo dereva anapoambia polisi, "Afande, sikumuona kabisa," mara nyingi hasemi uongo. Hakumwona. Hilo ndilo jambo la kutisha.

Na msidhani ni shida ya madereva wasio na mafunzo. Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, California, treni ya abiria ilipita taa nyekundu ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa. Uchunguzi wa serikali ulikuta kwamba dereva wa treni, mtu aliyefunzwa na mwenye leseni, alikuwa akituma meseji kwa simu yake. Ya mwisho aliituma sekunde 22 kabla ya kugongana. Treni haina hata usukani wa kugeuza. Kazi yake kubwa ilikuwa kutazama taa. Akashuka kwenda Ono.

3. UKINGO WA DARI

Sasa twende Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anawaambia Israeli: ukijenga nyumba mpya, zungushia dari yako ukingo, ili mtu asianguke kutoka pale ukaleta hatia ya damu nyumbani mwako.

Wakati huo dari za nyumba zilikuwa tambarare. Watu walipanda juu, wakapumzika, wakaanika vitu, wakalala kukiwa na joto. Mungu hasemi, "Mtu akianguka, kemea roho ya kuanguka." Anasema jenga ukingo. Gharama ni yako, mawe ni yako, jasho ni lako. Na kama hukujenga, akaanguka mtu, damu iko juu ya nyumba yako, hata kama hukumsukuma.

Kutoka 21 inaongeza. Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alijulikana kuwa na tabia hiyo, mwenyewe akaonywa na hakumfunga, hapo sasa mwenyewe ana hatia. Neno kubwa hapo ni kuonywa.

Wapendwa, sisi tumeonywa. Kila mwaka katika miaka hii ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wanakufa kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni watu wanaotembea kwa miguu. Hesabu hizo hutolewa na NTSA na magazeti yanaandika. Duniani kote, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Sheria nayo imesema: kutumia simu ya mkononi ukiendesha gari ni kosa, na kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinataja faini ya shilingi 2,000. Hakuna atakayesimama mbele za Mungu aseme hakujua ng'ombe wake anapiga.

Wenye umri wangu mnakumbuka sheria za Michuki mwaka 2004. Mikanda ikawekwa kwenye matatu, vidhibiti mwendo vikafungwa, tukalalamika sana. Lakini ule mkanda ni nini kama si ukingo wa dari? Kuzima simu kabla ya kuwasha gari ni ukingo wa dari. Hauhitaji pesa. Unahitaji kidole kimoja.

4. USIMJARIBU BWANA

Hapa sasa nawasemesha watu waliookoka, tuliojazwa Roho. Tuna tabia moja nzuri sana: hatuanzi safari bila maombi. Tunaifunika safari kwa damu ya Yesu. Endeleeni hivyo, msiache!

Lakini ibilisi alimpeleka Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajirushe, maana imeandikwa malaika watamchukua mikononi. Ibilisi alitumia Andiko la kweli, Zaburi ya 91, ile ile tunayoisoma kabla ya safari. Yesu hakukana kwamba malaika wapo. Alikataa kumjaribu Mungu. Kuna tofauti kati ya kuanguka ukiwa katika njia zako na kujirusha.

Ukiomba ulinzi, halafu ukatoka getini ukiandika kwa WhatsApp ya ushirika, "Tumeanza safari, tuombeeni," wewe umejirusha. Unawauliza malaika kama watafika kwa wakati. Usifanye hivyo. Malaika si makanga wa kukuangalizia barabara huku wewe ukichati.

Na niseme hili bila kuogopa, kwa sababu nalijua liko kati yetu. Kuna wenzetu wanaingia maombi ya saa kumi na moja alfajiri kwa simu wakiwa wanaendesha kwenda kazini. Kuna wanaotazama mahubiri kwenye simu iliyobandikwa juu ya dashibodi. Unaniambia, "Pasta, ni mambo ya kiroho." Rudi Nehemia 6 mstari wa 10. Walipomshindwa kwa Ono, kuna Shemaya aliyemwambia Nehemia waende hekaluni, wajifungie ndani. Hekaluni! Mwaliko wa kidini kabisa. Nehemia akakataa vilevile. Si kila mwito wenye jina la hekalu umetoka kwa Mungu, hasa ukikutoa kwenye kazi uliyopewa saa hiyo. Ukiwa unaendesha, kuendesha kwa uangalifu ndiyo ibada yako. Mahubiri yatakungoja.

Na si simu peke yake. Kuna anayekula mahindi ya kuchoma huku akishika usukani kwa kiwiko. Kuna anayegeuka nyuma kuwachapa watoto. Kuna anayetafuta wimbo. Kuna wanandoa wanaomalizia ugomvi wa nyumbani kwenye Barabara ya Thika. Kuna anayepita ajali ya upande ule mwingine, anapunguza mwendo atazame, anagonga aliye mbele. Na ndugu zangu wa boda boda, kuna anayebana simu ndani ya helmeti, anaongea na mteja wa pili huku amebeba wa kwanza. Hayo yote ni Ono.

5. ANAYEPIGA NAYE ANA SEHEMU YAKE

Sasa nimalize ile hadithi.

Baada ya ajali, lawama zote zilimwangukia dereva. Alikuwa ndugu mwaminifu, alijitolea bila malipo miaka sita. Watu wakasema ni mzembe. Wengine wakasema alikuwa amelala. Yeye hakujitetea. Hakusema nani alimpigia. Aliacha kuhudumu, baadaye akaacha kuja kanisani. Mimi nilimwona akiondoka, na nikanyamaza. Nilijiambia, "Yeye ndiye aliyeshika simu, si mimi." Na ni kweli, alishika. Angeweza kuiacha iite. Lakini mimi nilikuwa mchungaji wake, na nilipiga mara tatu nikijua yuko barabarani usiku. Nani katika kwaya ile angeweza kuniachia simu iite?

Karibu miaka miwili ikapita. Siku moja nilikuwa natayarisha somo la kitabu cha Nehemia. Nilifika kwa mstari ule wa mara nne, nikashindwa kuandika. Nilikuwa nimejiona Nehemia maisha yangu yote. Siku hiyo nilijua mimi ndiye Sanbalati.

Nilienda kwa yule mama. Alikuwa amerudi kibandani, anakata sukuma wiki, amekaa kwa stuli kwa sababu mguu hauvumilii kusimama sana. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Usiku ule wa ajali, aliyempigia dereva ni mimi."

Hakuacha kukata mboga. Akasema, "Najua, Pasta. Nilikuwa nimekaa nyuma ya dereva. Nilimsikia akikuita."

Nikamuuliza, "Mbona hukuwahi kusema?"

Akasema, "Nilikuwa nangoja useme wewe."

Akanisamehe pale pale, akanifungia na sukuma za kwenda nazo nyumbani, akakataa pesa. Kutoka hapo nilienda kwa dereva. Hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Aliniambia kitu kimoja sitakisahau: "Pasta, ile simu ya kwanza na ya pili nilikuwa na nguvu ya kuiacha. Ya tatu niliona ni wewe tena, nikafikiri umefiwa." Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote, na nikamwomba msamaha hadharani kwa sababu aliaibika hadharani. Leo yuko nasi. Haendeshi tena gari la kanisa, alikataa, na tunamheshimu kwa hilo.

Mpendwa msomaji, huenda wewe huna gari. Umesoma mpaka hapa ukisema somo hili ni la madereva. Je, una simu? Unampigia mume wako akiwa barabarani, asiposhika unakasirika? Wewe mwajiri, unampigia dereva wako wa lori usiku, asiposhika unamfokea? Wewe kijana, unamwita mtu wa boda mara tano kumuuliza amefika wapi? Ukijua mtu anaendesha na bado unampigia mara kwa mara, unamwita ashuke ukutani. Mkiongea na akashika, swali la kwanza liwe moja tu: "Unaendesha?" Akisema ndiyo, mwambie, "Tutaongea ukifika," ukate. Huo ni upendo.

6. ABIRIA, USINYAMAZE

Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari ya barabara. Ile ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Jirani alipatikana njiani, mtu asiyejulikana jina, amelala amejeruhiwa. Kuhani na Mlawi walimwona, wakapita upande wa pili. Kwa hiyo usiniambie unampenda jirani kama hujampenda yule usiyemjua anayevuka barabara.

Na wewe abiria uliyekaa nyuma ya dereva anayechati, unamwona, unanyamaza, unaomba kwa ndimi moyoni. Omba, lakini pia fungua kinywa! Sema kwa heshima, bila matusi: "Dere, tafadhali weka simu chini, tuna watoto nyumbani." Mara nyingi ukianza wewe, wengine wanane watakuunga mkono. Wote walikuwa wanangoja mmoja. Asipokubali, mwambie makanga akushushe kituo kinachofuata. Ni heri kupoteza shilingi mia kuliko kupoteza mguu.

Jambo la kutia moyo ni hili: abiria anayeongea na dereva si sawa na simu. Abiria anaona barabara. Kukiwa na lori linakuja vibaya, ananyamaza, au anasema, "Angalia!" Aliye kwenye simu haoni, anaendelea kuongea tu. Kwa hiyo abiria mzuri ni jozi ya pili ya macho. Uwe jicho kwa dereva wako.

Watembea kwa miguu nao, ondoeni simu masikioni mkivuka. Kama kuna daraja la kuvukia, panda daraja. Goti litauma, lakini utafika.

MAMBO YA KUFANYA WIKI HII

Moja. Kabla ya kuwasha gari au pikipiki, weka simu kimya na uiweke mahali mkono haufiki. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio wa kujibu zenyewe kwamba uko barabarani. Mwombe kijana wako akuwekee.

Mbili. Kama unatumia ramani, iweke kabla ya kuondoka. Ukipotea, simama mahali salama, kisha utazame.

Tatu. Simu ikiwa ya lazima, toka barabarani kabisa, simama, washa taa za hatari, ongea, kisha uendelee. Kusimama hata dakika tano hakujawahi kumuua mtu kwa kuchelewa.

Nne. Waambie watu wa nyumba yako: "Nikiwa naendesha sitashika simu. Msiogope. Nitawapigia nikifika." Ukishasema hivyo, kimya chako hakitawatisha tena.

Tano. Kwa safari zote za kanisa, tumeamua hivi: dereva atampa simu yake msimamizi wa safari kabla ya kuondoka. Mwenye kutaka habari ampigie msimamizi. Hakuna mzee, shemasi wala mchungaji atakayempigia dereva. Hata mimi. Hasa mimi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Nehemia 6:3-4. Ni kitu gani kinafanya iwe vigumu kutoa jibu lile lile mara ya nne? Je, unaona hivyo katika matumizi yako ya simu?

2. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka mwenye nyumba azuie ajali kabla haijatokea. Taja "kingo" tatu ambazo familia yako inaweza kujenga kuhusu safari.

3. Kuna tofauti gani kati ya kumwamini Mungu safarini na kumjaribu?

4. Je, kuna mtu ambaye amebeba lawama peke yake kwa jambo ambalo na wewe ulikuwa na sehemu? Utachukua hatua gani?

5. Kama mchungaji au bosi wako ndiye anayepiga, utafanya nini? Jadilini kwa uwazi.

MAOMBI

Baba Mungu, tunakushukuru kwa kila safari uliyotufikisha salama, hata zile ambazo hatukustahili kufika. Tusamehe kwa kila sekunde tuliyoondoa macho kwa watu uliotukabidhi. Tusamehe sisi tuliowaita wenzetu washuke ukutani. Wafariji waliopoteza wapendwa wao barabarani na wale wanaotembea kwa magongo kwa sababu ya uzembe wa mtu mwingine. Kama ulivyoitia nguvu mikono ya Nehemia, tia nguvu mikono yetu ibaki kwa usukani. Tupe ujasiri wa kuacha simu iite. Katika jina la Yesu, amina.

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52, kwa sababu kuna mtu alikataa kushuka. Wiki hii, na wewe ukatae. Tuonane Jumapili, wote, tukiwa wazima. Bwana awabariki.